Mgeni na Jembe Lake

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu: akae kidogo, ale, kisha afanye kazi au aende zake. Maana hiyo ni kweli, walakini si yote. Ndani ya methali mna mambo mawili zaidi ambayo msomaji wa haraka huyapita. La kwanza ni kwamba siku mbili za mwanzo ni haki ya mwenyeji; katika siku hizo yeye ndiye mtoaji, na mgeni hana budi kupokea. La pili ni kwamba jembe hutoka mkononi mwa mwenyeji. Mgeni haji nalo. Hulima shamba asilolichagua, kwa jembe lisilo lake, na hapo ndipo anapoanza kuhesabiwa kuwa mtu wa pale.

Yuko mgeni wa namna moja ambaye huipindua methali hii. Naye ni mtu wa kujitolea katika kazi ya tiba ya misheni: daktari, muuguzi au mkunga, Mkristo, aliyeacha nchi yake na mshahara wake akasafiri kwenda kuwatibu watu asiowajua. Huyu hufika na jembe lake begani. Amelinoa kwa miaka mingi chuoni, amevuka bahari ili alitumie, na tangu siku ya kwanza huuliza shamba liko wapi. Nia yake ni njema, na hapana mwenye insafu awezaye kuidharau. Lakini swali hubaki: je, mtu aliyekuja kutoa aweza kuishi vyema kati ya watu kabla hajajifunza kupokea kwao?

Mahali pafaapo kulitazama swali hili ni Nyamisati. Kijiji hiki kiko upande wa kaskazini wa delta ya mto Rufiji, katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Msafiri atokaye Dar es Salaam hufuata njia kuu ya kusini, akaiacha pale Bungu, akashika njia ya mashariki mpaka nchi kavu inapokwisha na mikoko inapoanza. Hapo pana bandari, na vyombo huondoka kwenda Kilindoni katika kisiwa cha Mafia. Watu wa delta ni wavuvi wa samaki na kamba, wakulima wa mpunga na minazi, na wakataji wa boriti. Walio wengi ni Waislamu. Wageni si jambo jipya kwao. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalichukua boriti za mikoko hiyo tangu zamani. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika mikono ya mto, na mwezi Julai 1915 Waingereza wakaiangamiza humo humo. Kila mgeni aliyepita alitaka kitu, mmoja boriti, mwingine maficho. Mgeni asemaye kwamba yeye hataki kitu ni wa ajabu kuliko wote, na si kosa la wenyeji wakimtazama kwa makini.

Mtu huyo akifika, taabu za mwili humlaki kwanza. Joto humlegeza, mbu humnyima usingizi, chakula kigeni humsumbua tumbo, na lugha humfanya mtoto mdogo: yeye aliyezoea kueleza maradhi kwa ufasaha hushindwa kuomba chumvi. Hata saa yake humsaliti. Amezoea kwamba zahanati hufunguliwa saa mbili na wagonjwa huwapo saa mbili. Katika delta, mgonjwa atokaye visiwani husafiri kwa mtumbwi, na mtumbwi hungoja maji. Maji yakipwa, vijito huwa matope. Maji yakijaa, njia hufunguka. Kwa hiyo asubuhi baraza huweza kuwa tupu, na alasiri pakawa na umati. Mgeni huandika katika barua zake kwamba watu hawa hawajui wakati. Ukweli ni kwamba wanajua wakati ambao yeye hajaujua bado, nao ni wakati wa mwezi na bahari.

Taabu hizi ni za kweli, ila ni ndogo. Mwili hujifunza. Baada ya miezi michache mtu hulala ndani ya chandarua bila kunung'unika, hula wali kwa mkono, na huuliza habari za bamvua kabla ya kupanga safari. Wengi hudhani kwamba hapo wamekwisha kuzoea. Kumbe mazoea ya mwili yametangulia, na ya roho hayajaanza.

Na ichukuliwe mfano wa jambo ambalo hutokea mara nyingi katika zahanati za pwani. Mama amemleta mtoto wake ana homa kali. Mtoto ametibiwa na amepona. Baada ya siku tatu mama anarudi na bakuli la mchele wa shamba lake, na samaki wawili juu yake. Daktari anaitazama kanga iliyochakaa, anawafikiria watoto waliobaki nyumbani, na huruma inamshika. Anamwambia kwa upole, "Ahsante sana, mama, lakini rudi nao. Watoto wana haja nao kuliko mimi." Usiku analala akiamini kwamba ametenda mema mara mbili, kwa kumponya mtoto na kwa kumwachia mama chakula. Mama naye anarudi na bakuli lake kama alivyokuja nalo. Alikwenda kwa daktari akiwa mtu mwenye kitu cha kutoa. Amerudishwa akiwa maskini.

Sababu ya kukataa ni mbili. Ya kwanza huonekana, nayo ni huruma. Ya pili hujificha, na mara nyingi mwenyewe haijui: ni hofu ya deni. Mtu aliyepokea mchele amefungwa na aliyempa. Kesho mama huyo aweza kumwalika harusini, kumwomba amsindikize mgonjwa, au kumwambia wazi kwamba amekosea. Mtu asiyepokea kitu hubaki huru. Hutoa apendapo, hukoma apendapo, na hakuna amdaiye. Lakini uhuru wa namna hiyo ni uhuru wa mtawala. Kutoa daima bila kupokea kamwe ni njia mojawapo ya kukaa juu ya watu, hata kama mtoaji anakaa juu ya kigoda kibovu na kuvaa shati lenye viraka.

Watu wa pwani wamelijua jambo hili tangu zamani, na wameliweka katika desturi ndogo ya jikoni. Jirani akikuletea chakula katika sahani, sahani ile hairudi tupu. Huwekwa kitu ndani yake, hata kama ni maembe mawili. Thamani ya kitu si hoja. Sahani ikirudi na kitu, ujirani unaendelea. Ikirudi tupu, kuna mmoja aliyekuwa jirani na sasa amekuwa mwombaji. Daktari aliyekataa mchele ameirudisha sahani tupu. Maskini hupungukiwa na mengi, lakini kama bado anaweza kumpa mwenziwe kitu, hajapungukiwa na utu. Amnyang'anyaye nafasi hiyo, ijapokuwa kwa huruma, amemnyang'anya mali yake ya mwisho.

Mfano mkubwa wa hatari hii umo katika maisha ya mtu mkubwa. Albert Schweitzer alifika Lambaréné, katika nchi ya Gabon, mwaka 1913, akajenga hospitali na kuwahudumia wagonjwa kwa miaka mingi, na akatunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1952. Hapana awezaye kumnyima sifa ya kazi yake. Walakini aliandika waziwazi kwamba Mwafrika kwake alikuwa ndugu, ila ndugu mdogo. Ni kitu gani kilichomfanya yule ndugu awe mdogo? Umri haukuwa sababu. Udogo ulitoka katika mpango wa kutoa na kupokea: mmoja alikuwa mpaji wakati wote, na mwingine mpewa wakati wote. Mahali penye mpango huo, hata neno zuri kama "ndugu" halina budi kupata mkia.

Hapa mwenye hoja atasimama na kusema: "Haya ni maneno ya watu wenye afya. Mtoto mwenye degedege haulizi kama daktari alikula wali wa mama yake. Anataka dawa, na anaitaka sasa. Mpeni tabibu nafasi atibu, na adabu zifuate baadaye." Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Katika saa ya hatari mkono wa fundi ni bora kuliko ulimi wa mwungwana. Mganga mwenye adabu nyingi na ujuzi haba ni hatari kuliko mganga mjuzi asiyesalimia.

Lakini hoja hiyo humchukua mtoto akiwa tayari amefika mlangoni mwa zahanati, na haiulizi alifikaje. Sehemu nyingi za pwani ya Tanzania wako waliodhani kwamba degedege si homa, bali ni dude lenye umbo la ndege au shetani limpitialo mtoto. Na wako walioamini kwamba mtoto wa hali hiyo akichomwa sindano atakufa. Mama mwenye imani hiyo hukaa na mtoto nyumbani usiku kucha, au humpeleka kwa fundi wa kienyeji kwanza, na saa zinapita. Dawa nzuri kabatini haimsaidii mtoto aliye ng'ambo ya kijito. Kinachomtoa mama nyumbani mapema ni kumwamini mtu, na watu hawamwamini mtu kwa sababu ya cheti kilichotundikwa ukutani. Humwamini waliyekula naye, waliyemcheka alipokosea maneno, aliyesema "shikamoo, bibi" na kungoja marahaba kabla ya kuuliza ugonjwa. Adabu basi haiifuati tiba kama kilemba kinachoongezwa juu. Ni njia ambayo tiba hupita ili imfikie mgonjwa.

Kuna ugumu mwingine, nao ni wa imani. Mtu huyu ni Mkristo, na amekwenda kwa jina la dini yake. Wenyeji wake ni Waislamu, na hawakumwita kwa ajili ya dini. Wako wataomshuku kwamba dawa yake ni chambo na wao ni samaki. Naye mwenyewe, akiwa mkweli, hujiuliza usiku kama shaka hiyo ni ya uongo mtupu. Akificha imani yake, ataonekana mwenye hila. Akiinadi kitandani mwa mgonjwa, atakuwa anauza kwa mtu asiyeweza kuondoka. Afanye nini?

Jibu limo katika kitabu chake mwenyewe, mahali ambapo wengi hupasoma upesi. Katika Injili ya Luka, mlango wa 10, wale sabini wanatumwa mijini. Wanaagizwa wasichukue mfuko wala mkoba wala viatu. Waingie katika nyumba itakayowapokea. Wale vitakavyowekwa mbele yao. Kisha wawaponye wagonjwa. Utaratibu wa maagizo hayo wastahili kuangaliwa. Agizo la kula limetangulia agizo la kuponya. Waponyaji wametumwa mikono mitupu kwa makusudi, ili kazi yao ianze kwa kuhitaji mlo na malazi ya watu wasiowajua. Na katika Injili ya Yohana, mlango wa 13, Petro anakataa kuoshwa miguu na bwana wake. Kukataa kwake kunaonekana kuwa unyenyekevu, lakini anaambiwa kwamba asipokubali kuoshwa hana sehemu naye. Kama mtume mkuu alikaripiwa kwa kukataa kupokea, daktari aliyekataa mchele hana pa kujificha.

Historia ya misheni yenyewe katika pwani hii ilianza kwa deni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya kumtambulisha aliyopewa na Seyyid Said, Sultani Mwislamu. Mwaka huo huo mkewe Rosine alifariki huko, na mtoto wao mchanga pia. Katika majonzi hayo Krapf alikuwa akijifunza Kiswahili na kuanza kufasiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Mwislamu, tena hakimu wa sheria ya Kiislamu, alimfundisha Mkristo maneno ya kukisemea kitabu chake. Kadhi hakubadili dini kwa kutoa, wala Krapf kwa kupokea. Mtu mwenye kukumbuka deni hilo hawezi kusimama mbele ya Mwislamu kama mwenye kila kitu mbele ya asiye na kitu. Imani yake itaonekana, kwa kuwa haifichiki. Lakini itaonekana kama imani ya jirani ionekanavyo, si kama bidhaa juu ya meza.

Nyamisati nayo ina deni lake la kudai, tena kubwa kuliko watu wengi wajuavyo. Tangu katikati ya miaka ya 1980 kijiji hiki kimekuwa mahali pa uchunguzi wa malaria. Watafiti, miongoni mwao Ingegerd Rooth, Anders Björkman na Anna Färnert, waliohusiana na Taasisi ya Karolinska ya Stockholm, waliwafuatilia wanakijiji mwaka baada ya mwaka. Watu wazima na watoto walitoa vidole vikachomwa, na tone la damu likapelekwa chini ya hadubini. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ilionekana kwamba watu waliobeba aina kadhaa za vimelea kwa wakati mmoja, bila kuugua, walikuwa na kinga zaidi dhidi ya homa ya malaria baadaye. Jambo hilo liliongeza nuru katika elimu ya namna mwili unavyojifunza kuishi na adui huyu, elimu wanayoitafuta wote wenye kutengeneza chanjo. Basi daktari kijana atokaye Ulaya kwenda Nyamisati yamkini amesoma chuoni mambo yaliyotoka katika vidole vya Nyamisati. Anapodhani kwamba analeta elimu, analeta pia sehemu ya kile kilichokopwa huko. Hakuwa mtoaji wa kwanza. Alikwisha kupewa kabla hajapanda ndege.

Je, kupokea kuna mipaka? Bila shaka. Kuku aletwaye kabla ya matibabu ili mwenyewe aruke foleni ni rushwa, na kumkataa ni wajibu. Kupokea ushauri wa wazee hakumlazimu tabibu akubali mgonjwa acheleweshwe. Mtu aweza kukaa mkekani pa mwenyeji wake na bado akamwambia kwa heshima kwamba katika jambo hili amepotoka. Tena aliyekula naye ndiye awezaye kusema hivyo akasikiwa. Kupokea si kuuza akili. Ni kukubali kwamba wewe nawe una haja.

Yuko aliyelipokea jembe kwa ukamilifu. Leader Stirling, daktari Mwingereza, alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 katika misheni ya Lulindi, akafanya upasuaji katika majengo ya udongo na nyasi. Miaka ilipita, nchi ikapata uhuru, naye akawa raia wake. Aliingia katika Bunge, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya, kazi aliyoishika mpaka mwaka 1980. Alifariki mwaka 2003. Uwaziri ule haukuwa jembe alilokuja nalo. Alipewa na wenyeji, walime naye shamba lao, na walikuwa na uwezo wa kumnyang'anya. Hiyo ndiyo siku ya tatu ya methali.

Si kila mtu atakaa miaka sitini. Wengi wa siku hizi huja kwa miezi michache, na wengine kwa majuma mawili. Methali haiwahukumu hao. Huwaonyesha mahali pao. Wao bado wamo katika siku mbili za mgeni, na heshima ya siku hizo ni kuzikubali. Akubali kuandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kama sheria itakavyo, wala asione kwamba huruma yake ni kibali cha kutosha. Akubali kuongozwa na afisa tabibu na muuguzi waliokuwapo kabla yake na watakaobaki baada yake. Akubali kwamba yule mkunga mzee ajua njia ya mtumbwi usiku, na yeye haijui. Akifanya hivyo, majuma mawili yatakuwa mafupi lakini hayatakuwa ya uongo.

Siku ya kuondoka ikifika, mtu huyu huulizwa na wale waliomtuma ametibu wagonjwa wangapi. Ni swali la haki, na jibu lake huandikwa katika daftari. Liko swali jingine ambalo daftari halina mstari wake: anadaiwa na nani? Kama yuko mama aliyempa mchele akaula, na mvuvi aliyemvusha bure wakati wa maji kujaa, na mzee aliyemsahihisha maneno bila kumcheka, basi amekaa Nyamisati. Na kama anaondoka hadaiwi kitu na mtu yeyote, huenda alifanya kazi njema huko, lakini hakupata kuishi huko hata siku moja.